Kufungua feni ya Hilux ya dizeli mwenyewe bila ya kutoboa rejeta

Haya wenzangu, huu mwongozo ni wa zile Hilux za dizeli za zamani, zenye injini ya 2L, 3L au 5L, ambazo huku kwetu Unguja na Pemba bado ndo zinabeba mchanga, mbao, samaki, karafuu na mpaka vyombo vya harusi. Kama una Hilux yenye injini ya 2KD au Land Rover Defender soma tu, mambo mengi ni yale yale na huko mbele nimegusia tofauti zake, hasa ya Defender maana ile inawatesa watu kweli kweli.

Kazi yenyewe si ngumu. Nati nne tu. Kinachowaponza watu ni papara, kwa sababu rejeta iko karibu mno na mkono wako, spana ikiteleza mara moja tu inakwenda kuchoma zile bomba nyembamba na wewe ulotaka kubadilisha wota pampu (ile inayosukuma maji ya kupozea injini) ya vuja vuja sasa unatafuta na rejeta. Kwa hiyo karibu kila ntakachosema hapa chini, ukikitizama vizuri, ni njia ya kuilinda rejeta.

Halafu kabla hujashika spana jiulize kwanza, kweli nahitaji kufungua feni? Kama ni kubadilisha mikanda tu basi huna haja, mkanda unaupitisha kwenye panga za feni, yaani yale majani yake, moja moja mpaka unaingia nyuma, unabana kidogo na vidole vitachafuka lakini unapita. Feni inafunguliwa pale wota pampu inapovuja, kaplingi ya feni ikifa, panga ikipasuka, au unataka nafasi ya kufanya taimingi belti, au rejeta inatoka kwenda kusafishwa na kava la feni, lile linaloizunguka, limekataa kutoka peke yake.

Unafungua nini hasa

Hii ndo sehemu ambayo wengi wanairuka halafu baadae wanashangaa. Kwenye hizi injini za L feni haikukaa moja kwa moja kwenye injini. Iko hivi: kuna wota pampu, mbele yake ina sahani yenye stadi nne (bolti zisizo na kichwa) zimechomoza. Kwenye hizo stadi inaingia puli ya mikanda kwanza, halafu inakuja kaplingi ya feni, halafu zinafungwa nati nne. Maana yake zile nati nne zimeshika vitu viwili kwa pamoja, kaplingi na puli. Panga zenyewe zimefungwa kwenye kaplingi kwa bolti ndogo ndogo, hizo usiziguse feni ikiwa bado iko kwenye gari, unazifungua baadae kitu kizima kikiwa nje mezani.

Kaplingi ndo lile dude la aluminiamu lenye mapezi mapezi katikati ya feni. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni, na mbele, upande unaotizama rejeta, utaona kispringi bapa kimejiviringisha. Kile kinahisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa ya moto kispringi kinajipinda, kinafungua tundu ndani, silikoni inaingia baina ya sahani mbili na feni inashikana na puli inaanza kuvuta hewa kwa nguvu. Ikipoa, tundu linafunga, silikoni inarudi kwenye chumba chake na feni inateleza, inazunguka kwa uvivu. Ndo maana asubuhi ukiwasha gari unasikia feni inanguruma kama dakika moja hivi halafu inatulia, silikoni iliyokuwa imetuama usiku inarudi kwake. Huo mngurumo si ubovu, kuna watu wameuziwa kaplingi kwa sababu ya huo mngurumo.

Pima kabla ya kufungua

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa iende lakini uhisi inakushika shika. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama haina kitu ndani, silikoni imekwisha. Halafu endesha mpaka ipate moto sawa sawa, zima, toa ufunguo uutie mfukoni mwako, jaribu tena, sasa iwe nzito zaidi kuliko ilivyokuwa baridi. Kama moto na baridi ni sawa, kaplingi imekufa, na kama haizunguki kabisa hata ikiwa baridi basi imeganda, na hiyo nayo ni mbovu hata kama gari haichemki.

Kisha ishike panga kwa ncha, isukume mbele na nyuma. Ikicheza, tizama mchezo unatoka wapi, kwenye kaplingi au kwenye shafti ya wota pampu. Chini ya wota pampu kuna kitundu kidogo, hicho kimewekwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo. Ukiona kuna alama ya kutu au ukoko wa rangi ya kulanti (yale maji ya rangi ya kupozea injini) unaoshuka kutoka kwenye kitundu basi wota pampu ndo mgonjwa. Na tafadhali msikizibe kitundu hicho kwa gundi! Maji yakikosa pa kutokea yanaingia kwenye beringi na siku pampu itakapokwama ndo mikanda inaungua na feni inaweza kwenda mbele kwenye rejeta.

Mtindo wa kuingiza gazeti lililokunjwa kwenye feni injini inaunguruma eti kuona kama itasimama, hapana. Panga za plastiki za miaka ishirini na zaidi zinaweza kuvunjika na kipande hakikuulizi jina.

Vitu vya kuwa navyo

Spana ya ringi namba 12 ndefu kidogo, na namba 10. Nati nne kubwa aghlabu ni 12, za kava na za panga aghlabu 10, lakini gari zetu zimepita mikono mingi, unaweza kukuta nati tatu za 12 na moja fundi katia ya 13, kwa hiyo kuwa na seti nzima. Spana 14 na 12 kwa ajili ya altaneta, ile inayochaji betri. Bisibisi bapa kubwa, plaizi ya klipu za mipira, beseni la kukingia maji, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu. Halafu kipande cha plaiwudi nyembamba au katoni ngumu, zile katoni za tende zinafaa sana, ukate saizi ya rejeta.

Kuhusu kutu niseme jambo. Gari inayoshinda pwani, Nungwi, Makunduchi, Mkoani, au inayobeba samaki na barafu, nati zake hizi zinashikwa na chumvi vibaya. Kwa hiyo siku moja kabla, jioni gari ikishapoa, piga brashi zile stadi na upulize mafuta ya kulegeza, asubuhi upulize tena. Usipofanya hivo utakata stadi, na stadi iliyokatika ndani ya sahani ya wota pampu ni kazi nyengine kabisa.

Kujitayarisha

Gari iwe sehemu tambarare, handibreki juu, gia imeingia, jiwe nyuma ya tairi. Injini iwe imepoa kweli kweli, si vuguvugu. Mfuniko wa rejeta unashika presha karibu ya bar moja, maana yake ndani maji yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na bado hayajachemka, sasa ukifungua tu yanachemka yote kwa mpigo na yanakuja usoni. Weka mkono juu ya mpira wa juu wa rejeta, ukiubinya ukaona mgumu subiri.

Fungua waya wa hasi wa betri. Najua mtu atasema feni yenyewe ya mkanda betri inahusu nini, lakini zile zenye AC zina feni ndogo ya umeme mbele ya rejeta, na altaneta ina waya mnene ambao una umeme wakati wote, spana yako ya namba 14 ikigusa pale na bodi utaona cheche mwenyewe. Saa na pete vua. Kanzu, kikoi na skafu viwe mbali, vaa nguo za kazi.

Sasa maji. Kama unatoa feni tu na kava lako ni la vipande viwili huna haja ya kumwaga kitu. Kama kava ni zima basi aghlabu mpira wa juu unazuia, kwa hiyo fungua kile kibomba cha chini ya rejeta utoe lita mbili tatu mpaka maji yashuke chini ya mdomo wa mpira wa juu. Kama wota pampu inatoka, mwaga yote. Kinga kwenye beseni safi kama kulanti bado nzuri utairudisha, na usiimwage uwanjani maana ina ladha tamu na ni sumu, paka na kuku wanainywa. Kile kibomba cha plastiki kikiwa kikuukuu kizungushe kwa mkono tu usikitie plaizi.

Kufungua wenyewe

Anza na kava. Bolti za namba 10 juu kulia na kushoto, na pengine mbili za chini au vishikizo. Za chini zinakuwa zimeliwa, zipe mafuta. Ukishazitoa lisukume kava nyuma likae juu ya feni, lining'inie pale, halitoki bado. Kama kuna kibomba cha kwenda kwenye tangi la akiba kimepita juu ya kava kitoe.

Sasa ile plaiwudi au katoni yako ishushe baina ya feni na rejeta mpaka chini. Hili usilikose. Mie hata kama nafungua gari ya mtu ambaye rejeta yake imeshatobolewa mara kadhaa, katoni inaingia.

Hapa ndo penyewe sasa. NATI NNE ZILEGEZWE MIKANDA IKIWA BADO IMEKAZA. Usilegeze altaneta kwanza. Watu wanalegeza mikanda mwanzo, halafu wakitia spana kwenye nati, puli yote inazunguka pamoja na spana na hakuna cha kuishika, ndo unaona mtu anaingiza bisibisi kwenye panga za feni, au anaomba mwenzake ashike panga kwa nguvu zote mpaka inapasuka. Kaplingi inateleza ndani, kwa hiyo hata ukishika panga nati bado inazunguka, hujafanya kitu.

Njia sawa ni hii. Tia spana ya ringi kwenye nati iliyokaa juu, kiganja cha mkono mwengine ubinye mkanda kwa nguvu baina ya puli ya feni na altaneta, mkanda ukishika puli haiendi, halafu pa, unailegeza nati kwa mtikisiko mmoja mfupi. Kulegeza ni kinyume cha saa, hizi nati za kawaida. Nati ikilegea robo raundi iwache. Zungusha feni nati nyengine ije juu, fanya hivo hivo. Kama mkanda unateleza kwa sababu ni wa zamani na una mafuta, chukua bisibisi kubwa bapa uilaze ipite juu ya nati moja na chini ya nyengine, ijikaze kwenye shafti, itazuia puli isizunguke wakati unafungua ya tatu.

Spana ikae imezama yote kwenye nati, ringi siyo ya mdomo. Nafasi ni ndogo, utashawishika kutumia ya mdomo, na ndo hiyo inayokula kona za nati. Na usipige nyundo kwenye spana huku, kila pigo linaingia kwenye beringi ya wota pampu. Nati ikikataa kabisa ipe mafuta, kanywe chai, rudi. Ikikataa tena jaribu kuikaza kidogo kwanza halafu ndo uilegeze, mara nyingi kutu inavunjika upande ule. Moto wa gesi hapo siupendi, kuna sili ya wota pampu nyuma yake na kaplingi yenye mafuta mbele yake.

Zote nne zikishalegea, sasa nenda kwenye altaneta. Legeza bolti yake ya egemeo na ile ya mkono wa kurekebisha, isukume altaneta ije kwenye injini, mikanda inalegea. Aghlabu mikanda ni miwili pacha. Kama una nia ya kuirudisha itie alama upi wa mbele, lakini ukiona nyufa upande wa ndani nunua mipya miwili kwa pamoja, mmoja mpya na mmoja wa zamani haivuti sawa, mpya unabeba kazi yote na unakufa mapema.

Kwa nini mikanda ilegezwe kabla ya kutoa nati moja kwa moja? Kwa sababu puli nayo imeshikwa na nati zile zile nilivosema, ukitoa nati huku mkanda unavuta, puli inakwenda upande na kukaba kwenye stadi, kaplingi nayo inakwama na hapo utaanza kuichokonoa.

Malizia nati kwa vidole, zitie kwenye kikombe. Ikianguka moja iko chini kwenye kava la chini au juu ya boriti, itafute usiseme ntanunua nyengine, maana ikibaki pale siku gari ikiruka shimo inaweza kuingia kwenye mkanda. Stadi ikitoka pamoja na nati si tatizo, utaibana kwenye jiriwa baadae utenganishe na uirudishe stadi kwa gundi ya kushikia nyuzi za bolti.

Ivute kaplingi mbele taratibu kidogo tu mpaka iziachie stadi, usiipindishe. Nafasi ni kidogo lakini inatosha. Kisha mkono mmoja ushike feni mwengine kava, vinyanyue pamoja wima kwenda juu. Feni peke yake haitoki kava likiwepo, na kava peke yake halitoki feni ikiwepo, mpaka vitoke vyote. Kama panga zinakwaruza ile katoni basi ushajua kazi yake. Puli inaweza kubaki kwenye stadi au kukufuata, itizame upande gani ulikuwa mbele.

Ikishatoka

Kaplingi iwekwe wima kama ilivyokaa kwenye gari, iegemeze ukutani. Usiilaze kifudifudi wala chali kwa muda mrefu, silikoni inaweza kushuka kwenye beringi au kuvuja nje.

Tizama panga, hasa pale zinapoungana na kitovu, pinda kidogo uone kama kuna ufa. Panga moja ikikatika usikate na ya upande wa pili eti ibalansi, tafuta feni nyengine, kwa watu wa spea za mitumba zipo na hata huku Unguja hukosi. Ukinunua ya mtumba hesabu panga na pima upana, feni iliyopita kipimo itagusa kava. Kuna ule uharibifu mwengine wa masika, barabara zikijaa maji mtu anapita kwa kasi, feni inakutana na maji, panga zinajivuta mbele kama propela ya boti na zinachora duara kwenye rejeta. Ukiona mchoro wa duara kwenye rejeta yako ndo hiyo, na panga zimeshachoka hizo.

Kaplingi ikiwa na mafuta meusi na vumbi lililoganda kuzunguka ekseli yake, au kwenye kispringi, inavuja. Zile za Toyota zenye skrubu zinaweza kufunguliwa na kuongezwa silikoni, Toyota wenyewe wanaiuza kwa vitubu vya mililita 18, lakini iwe silikoni ya kaplingi kweli. Oili ya injini, oili ya giaboksi, grisi, vyote hivo havifanyi kazi ile, msidanganyane. Kama beringi inacheza usihangaike na silikoni, nunua nyengine.

Sasa lile suala la kuifunga moja kwa moja, kutoboa kaplingi na kutia bolti ili feni izunguke na injini wakati wote. Yakhe, kama umekwama njiani na mzigo wa watu, ifunge ufike. Lakini kuifanya ndo dawa ya kudumu mie sikubaliani nayo, feni inakuwa inakula nguvu ya injini na dizeli kutwa nzima hata pale haihitajiki, ukikanyaga mafuta inapiga kelele kama helikopta, beringi ya wota pampu inachoka na mikanda inalia.

Na kinyume chake, kuna wanaoitoa feni wakaiwacha nje kabisa, wanasema gari inakuwa nyepesi. Ukiwa unakwenda 80 barabara nyeupe upepo unatosha, sikatai. Lakini gari zetu hazifanyi kazi ya aina hiyo. Pick-up imejaza magunia ya karafuu inapanda vilima vya njia ya zamani ya Wete kwenda Chake, gia ya pili, jua la kaskazi, upepo unatoka nyuma, hapo hakuna hewa inayopita kwenye rejeta isipokuwa ya feni. Na hizi injini za L, hasa 2L, hazina subira na joto, zikichemka sawa sawa hedi inapasuka. Bei ya hedi muulize aliyenunua.

Kurudisha

Safisha stadi na uso wa sahani kwa brashi mpaka ziwe nyeupe, kutu ikibaki katikati feni inakaa upande na inatikisika. Rejeta nayo iko wazi sasa, ipulizie maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, presha ndogo, wadudu na nyasi zitoke.

Kama ulitenganisha panga na kaplingi angalia usizigeuze. Panga zinafungika pande zote mbili na zitazunguka vizuri tu, lakini hewa itakuwa dhaifu. Feni ya hizi gari inavuta hewa ipite kwenye rejeta ije kwenye injini, na kispringi cha kaplingi lazima kitizame rejeta. Ulipiga picha kwa simu kabla ya kufungua? Ndo faida yake.

Shusha feni na kava kwa pamoja, katoni ikiwa bado ipo. Puli kwenye stadi, kaplingi juu yake, nati zote nne kwa vidole kwanza. Zikigoma kuingia kwa vidole kitu kimekaa upande, usilazimishe kwa spana. Tia mikanda, vuta altaneta kwa kigingi cha mbao mpaka mkanda ukiubinya kwa dole gumba katikati ushuke kama milimita 10 hivi, kaza bolti za altaneta, halafu ndo ukaze nati nne kwa mkanda kukushikia kama mwanzo, kwa msalaba, juu chini kulia kushoto. Nati za M8 kama hizi zinataka kama Nm 20, yaani spana ya kawaida na mkono bila ya kuongeza bomba. Zile ndogo za panga nusu ya hapo zinatosha, aluminiamu ile nyuzi zake zinakatika upesi.

Kava mahali pake, katoni toa (toa kweli, usiisahau), zungusha feni kwa mkono raundi nzima uone haigusi popote. Jaza maji polepole. Maji ya kisima cha karibu na pwani yasiingie humo, chumvi inakula aluminiamu na kuziba rejeta. Kulanti iliyochanganywa tayari ndo bora, kama huna changanya nusu kwa nusu na yale maji safi ya kuongezea betri, siyo asidi, soma chupa. Mfuniko uwe wazi, hita iwe kwenye moto, washa, subiri mpaka themostati ifungue na mapovu yaishe, ongeza.

Ikiwa inaunguruma simama pembeni, usisimame sambamba na feni. Weka karatasi mbele ya grili, inatakiwa ivutwe ing'ang'anie. Ikiwa haishiki sawa sawa, zima injini utizame, huenda umegeuza panga.

Gari nyengine kidogo

Hilux za KD, kaplingi inafunguka kwa mtindo ule ule wa nati nne, tofauti ni mkanda mpana wenye mistari na nafasi ndogo zaidi. Defender zenye injini za 200Tdi na 300Tdi ni jambo jengine. Kule hakuna nati nne, kaplingi yote imejiskurubu kwenye shafti kwa nati moja kubwa ya namba 32, nyembamba, na nyuzi zake ni za kushoto. Maana yake ukisimama mbele ya gari unaifungua kwa kufuata saa, upande ambao siku zote unakazia. Imewekwa hivo kwa sababu puli inazunguka kufuata saa na feni inaburuzwa nyuma yake, sasa kwa nyuzi za kushoto ule mburuzo unaikaza badala ya kuilegeza. Watu wanavuta upande wa kawaida, nati inazidi kukaza, wanaongeza bomba, mpaka wanavunja puli. Inataka spana nyembamba maalumu, shika puli, na pigo moja kali fupi la nyundo kwenye mkia wa spana kuelekea upande wa saa, hapa nyundo inaruhusiwa maana hakuna njia nyengine inayoitoa. Wakati wa kurudisha izungushe kwa mkono mpaka mwisho halafu ibane kidogo tu kwa spana.

Baada ya kuendesha siku mbili tatu fungua boneti injini ikiwa baridi, pitisha spana kwenye zile nati nne na ubinye mikanda tena, mipya inalegea mwanzoni. Na kiwango cha kulanti kitizame asubuhi kabla ya kuwasha.